Redio ya mawasiliano usiyoijua ndani ya gari la mnada: dalili zake na chanzo chake

Ukinunua Land Cruiser mkonga iliyotoka kwenye shirika, usishangae kukuta chini ya dashibodi au nyuma ya siti kitu ambacho hata muuzaji hawezi kukueleza ni nini. Mmoja atakwambia ni redio ya polisi, mwingine ataiita simu ya upepo, na dalali ataapa kuwa ni "ya UN", hata kama gari lilikuwa la shamba la miwa. Kabla hujaing'oa na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, na kabla hujaipa umeme ukaanza kuita "haloo haloo", ichunguze taratibu. Kwa mbele redio hizi zinafanana sana: maiki yenye waya wa kujikunja, namba chache, kitufe cha sauti. Ukweli wake uko juu ya gari na nyuma ya boksi.

Onyo linatangulia. Usibonyeze kitufe cha kuongelea mpaka uhakikishe antena ipo, imeunganishwa, na ndiyo ya redio hiyo. Redio ikirusha mawimbi pasipo antena, nguvu hairuki. Inarudi kwenye transista za mwisho. Redio za miaka ya karibuni hujilinda kwa kupunguza nguvu zenyewe, lakini za zamani nyingi huungua. Kusikiliza tu hakuharibu chochote, kwa hiyo sikiliza utakavyo.

Jina limefutika, sahani ya modeli imebanduka

Usihangaike na jina kwanza. Toka nje uangalie antena.

Ukikuta fimbo ndefu ya mita mbili au zaidi, imefungwa kwenye ngao ya mbele, chini yake kuna shina nene kama mkono wa mtu, na ncha yake imevutwa nyuma kwa kamba hadi kwenye keria, hiyo ni antena ya HF. Redio yake inafanya kazi kati ya megahezi 2 na 30 hivi, na kazi yake ni kuongea mbali: kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, au kutoka Lodwar hadi Nairobi, bila mnara wowote katikati. Ndani ya shina lile mara nyingi mna mota na koili zinazojirekebisha zenyewe kila ukibadilisha chaneli. Dalili ya uhakika zaidi ni kwamba kwenye shina haiendi kebo ya antena peke yake. Inafuatana na kebo nyingine ya nyaya ndogondogo za kuongoza mota hiyo.

Fimbo nyembamba ya nusu mita hivi, juu ya paa au kwenye madigadi, ni ya VHF, redio ya masafa ya juu zaidi inayoongea karibu. Kijiti cha sentimita 16 au 17 ni cha UHF, ya masafa ya juu kuliko VHF. Kuna hesabu ndogo ya kukusaidia: chukua 7,500, gawa kwa urefu wa fimbo kwa sentimita, utapata masafa kwa megahezi. Fimbo ya sentimita 50 inakupa 150, ambayo ni katikati ya VHF ya magari. Ya sentimita 17 inakupa 441, UHF. Hesabu hii inafaa kwa fimbo iliyonyooka isiyo na koili. Ukiona koili au uvimbe chini ya fimbo ya mita moja na ushee, iache hesabu, kwa sababu inaweza kuwa VHF ya urefu wa robo mbili na nusu au redio ya megahezi 27 iliyofupishwa kwa koili.

Antena imeng'olewa? Tafuta tundu lililozibwa kwa silikoni juu ya paa, au alama za nati kwenye ngao. Mashirika mengi huvua antena kabla ya mnada yakaacha kebo ndani ya upholsta. Ifuate kebo hiyo kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, maana gari moja linaweza kuwa na redio mbili, HF na VHF, na mafundi waliopita wakawa wamechomeka antena ya hii kwenye ile.

Sahani ipo, lakini ni namba tupu

Hapa ndipo penye utamu. Kampuni nyingi huficha masafa ndani ya namba ya modeli, na ukijua herufi ipi uisome, huhitaji kitabu.

Motorola za kizazi cha GM300, ambazo zilijaa kwenye magari ya kampuni na mashirika miaka ya 1990, zina namba inayoanza na M, kwa mfano M43GMC au M34GMC. Tazama tarakimu ya pili baada ya M. Ikiwa 3 ni VHF, ikiwa 4 ni UHF. Kizazi kilichofuata, kama GM360, kina namba inayoanza na MDM, kisha tarakimu mbili, kisha herufi: K ni VHF ya megahezi 136 hadi 174, R ni UHF ya 403 hadi 470. Kwa Kenwood mambo ni mepesi zaidi. TK ikifuatwa na 7, kama TK-7180, ni VHF ya gari. Ikifuatwa na 8, kama TK-8180, ni UHF ya gari. Tait za New Zealand, zile za TM8100, huandika B1 kwa 136 hadi 174 na H5 kwa 400 hadi 470.

Kwenye HF, majina mawili yanatawala katika magari meupe ya mashirika ya ukanda huu, na yote ni ya Australia: Codan ya Adelaide na Barrett ya Perth. Codan 8528, 9323, 9360, 9390, halafu NGT. Barrett 950 na 2050. Makambi kama Dadaab, Kakuma na Nyarugusu yalianzishwa miaka ya 1990, wakati simu ya mkononi haijafika huko, na gari kutoka bila HF ilikuwa sawa na kutoka bila tairi la akiba. Ndiyo maana magari ya wakati huo yamebeba mitambo hii mpaka leo.

NGT inawachanganya watu kuliko zote. Skrini na vitufe vyake vyote viko kwenye kishikio, kinachofanana na simu ya mezani yenye namba. Boksi lenyewe, linalokaa chini ya siti, ni chuma chenye mapezi ya kupozea na halina hata kitufe kimoja. Kishikio kikipotea, boksi linaonekana kama amplifaya ya muziki, na nimeona watu wakilitafutia pa kuchomeka spika za baa. Pasipo kishikio huwezi hata kuiwasha.

Ukiingia kwenye Land Rover ya kale ukakuta boksi zito limeandikwa Pye, hiyo ni ya Cambridge, Uingereza. Nyingi za namna hiyo hazipangwi kwa kompyuta. Kila chaneli ina vipande vyake vya kristali ndani, vyenye namba za masafa zilizopigwa juu ya chuma, na kubadili chaneli maana yake ni kubadili kristali. Baadhi zinatumia AM, kwa hiyo hata ukiiwasha salama haitasikilizana na VHF za leo zinazotumia FM.

Haiwaki kabisa

Kabla ya kulaumu redio, pima volti kwenye plagi yake. Lori la Scania au basi lina volti 24, na redio karibu zote hizi zinataka 12. Aliyeifunga aliweka kigeuzi cha 24 kwenda 12, na boksi hilo la alumini huwa la kwanza kuibiwa. Mtu akija baadaye akaunganisha moja kwa moja, redio imekwisha. Kwenye Land Rover za kale sana, za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, kuna mtego mwingine: nyingi zilikuwa na chanya kwenye bodi badala ya hasi.

Volti zikiwa sawa lakini kimya, ufuate waya hadi kwenye betri. Redio iliyofungwa vizuri haichukui umeme kwenye fyuzi za gari. Nyaya zake zinakwenda moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iko karibu na betri, pengine mbili, moja kwenye chanya na nyingine kwenye hasi. Fundi wa mtaani akibadilisha betri huona nyaya za ziada na kuzikata. Ukikuta fyuzi imeungua, weka mpya ya ukubwa uleule. Ikiungua papo hapo, acha hapo. Mara nyingi mtu aligeuza chanya na hasi, na ndani kuna dayodi ya ulinzi iliyojitoa mhanga kwa kujishoti. Hiyo ni habari njema, maana dayodi ni bei ya soda na redio yenyewe huenda ni nzima. Anayeweka waya mahali pa fyuzi ili "ishike" ndiye anayeunguza bodi ya redio.

Kuna redio nyingine haziwaki kwa sababu zinangoja swichi ya gari. Zina waya mwembamba wa tatu uliounganishwa na umeme wa ufunguo, na huo ukikatika kitufe cha kuwashia hakifanyi lolote. Geuza ufunguo kwanza kabla hujafungua skrubu hata moja.

Inawaka, lakini ni mvumo tu

Kama ni HF, huo ndio uzima wake. Anga la HF lina mvumo na mikwaruzo wakati wote, radi za Ziwa Victoria zikichangia. Tafuta kitufe kilichoandikwa "Mute" au "Squelch", kinaufunga mvumo mpaka ije sauti. Kupima kama inasikia kweli, ipeleke kwenye masafa mafupi ya vituo vya kimataifa, kama mpangilio wake unaruhusu kutembea huru. Mchana jaribu megahezi 11 hadi 17, usiku shuka chini ya 10. Kituo kikisikika kwa mluzi unaopanda na kushuka, au mtangazaji akawa na sauti kama ya bata, redio ni nzima. Inapokea kwa SSB, namna ya kubeba sauti inayotumiwa na redio za HF, na sauti ya namna hiyo hunyooka ukikaa sawasawa juu ya masafa.

Kwa VHF na UHF mambo ni kinyume. Mvumo ukisikika muda wote kuna mtu alifungua kizuia mvumo, ama maiki haijakaa kwenye kining'inizo chake. Kwenye redio nyingi kining'inizo kile cha chuma ni swichi: maiki ikiwa nje, redio inafungua masikio isikie kila kitu. Skrubu moja yenye kutu pale inatosha kukupotezea asubuhi nzima.

Kimya kabisa, namba za chaneli zinaonekana

Hapa usikimbilie kusema mbovu. Redio za kampuni hupangwa zisikie wenzao tu. Pamoja na sauti ya msemaji inatumwa toni ya chini sana ambayo sikio halitilii maanani, kati ya hezi 67 na 254, na redio isiyopata toni yake hukaa kimya hata kama jirani anapiga kelele kwenye masafa yaleyale. Kwenye HF za Codan na Barrett kuna wito wa namba. Mara nyingi kibandiko chenye tarakimu nne au sita kimegandishwa karibu na redio, au kwenye kivuli cha jua cha dereva. Hiyo ni namba ya gari hilo hewani, na redio ilikuwa inalala mpaka aipige mtu. Usikibandue. Ni sehemu ya utambulisho wake kuliko hata nembo.

Inapiga pii mfululizo, au inaandika "No service"

Mlio usiokatika kwenye Motorola za zamani kwa kawaida maana yake chaneli hiyo haina kitu ndani. Zungusha kwenye chaneli nyingine. Zote zikilia, mwenye gari alifuta mpangilio kabla ya mnada, na kwa kweli ndivyo inavyotakiwa. Kuipanga upya kunataka programu ya kampuni na kebo yake, na kwa kizazi cha GM300 kunataka kompyuta ya zamani ya DOS yenye tundu la siriali, kwa sababu programu ile haipatani na kompyuta zenye kasi. Fundi akikwambia anaipanga kwa simu, mshukuru uondoke.

"No service" au maneno ya namna hiyo ni jambo jingine. Redio hiyo ni ya mtandao wenye kituo kinachoigawia chaneli, mfano TETRA za vikosi vya usalama na viwanja vya ndege. Pasipo mtandao wake mara nyingi haitamki neno. Hata ukiipenda kiasi gani, kwako ni pambo.

Ukibonyeza kuongea, inazima

Hii ni dalili ya waya, kwa nadra sana ni ya redio. Kusikiliza kunakula ampea moja hata isifike. Kurusha kunakula sana: VHF ya wati 25 inavuta ampea 6 hivi, na HF ya wati 100 inaweza kufika ampea 20 au kuzidi unapopaza sauti. Waya mwembamba wa redio ya muziki hauwezi. Weka mita kwenye plagi ya redio, injini ikiwaka, mwambie mwenzako abonyeze kwa sekunde moja huku antena ikiwa imeunganishwa. Volti zikianguka chini ya 11, umepata jibu. Badilisha waya, safisha vichwa vya betri, na ukague ethi. Zikibaki 13 na redio bado inazima, sasa ndipo uifikirie redio yenyewe au antena iliyopiga shoti chini ya rangi na kutu.

Kwenye HF, mtu yeyote asiishike fimbo wakati wa jaribio hilo. Ncha ya antena ile inabeba volti nyingi sana redio inaporusha, na inaunguza ngozi hata kama hujagusa betri.

Ukibonyeza ukasikia mnguruo mfupi wa mota mbele ya gari, furahi. Antena inajitafutia mahali pake.

Inaongea Kijapani

Hii si redio ya mawasiliano, lakini inaletwa kwa mafundi kila wiki. Gari dogo la Japani likiwashwa, sauti ya dada mpole inasema jambo kwa heshima nyingi kisha inanyamaza. Ni kisomaji cha kadi ya kulipia barabara za Japani, ETC, na anachosema ni kwamba kadi haijaingizwa. Kiboksi chake chenye mwanya kiko chini ya usukani au ndani ya kabati la abiria. Kwetu hakina kazi. Chomoa plagi yake maisha yaendelee.

Gari la Japani likiwa na redio halisi ya kuongea, itazame vizuri. Nyingi ni za waredio wa ridhaa, yaani wanaorusha kwa kupenda tu na si kwa kazi, na zimepangwa kwa 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Malori yaliyotumika Ulaya huja na CB, redio ya raia wa kawaida ya megahezi 27, chaneli 40, ambayo madereva wa huko huongelea foleni na ajali. Kwenye CB za zamani za Uingereza kuna muhuri wa duara ulioandikwa CB 27/81. Ukiuona, utambuzi umekwisha.

Umeshaijua. Unaweza kuitumia?

Kuwa nayo ni jambo moja, kurusha ni jambo jingine. Tanzania masafa yanasimamiwa na TCRA chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC, Rwanda ni RURA. Kote huko unatakiwa leseni. Chaneli zilizobaki ndani ya redio ni za mwenye gari wa kwanza, na huenda bado anazitumia. Madereva wa utalii wa Arusha wanaomtaja simba kwa mafumbo ili mgeni asijue mapema wako kwenye VHF zilizolipiwa na kampuni zao, hawatafurahi ukiwaingilia.

Kwa maoni yangu, VHF ya zamani isiyo na mpangilio haistahili gharama ya kuifufua, kwa sababu leseni na kuipanga vitazidi thamani yake. HF ni habari tofauti. Codan au Barrett iliyo kamili, yaani boksi, kishikio, kebo zote mbili na antena yenye mota, inatafutwa na mashirika yanayoenda pasipo mtandao pamoja na waredio wa ridhaa wenye ishara za wito, yaani majina yao hewani, zinazoanza na 5H kwa Tanzania au 5Z kwa Kenya. Iuze ikiwa nzima kama ilivyo. Ukikata kebo ya mota ili uitoe haraka, umeuza nusu redio, na nusu ile nyingine hakuna duka utakaloipata. Ing'oe kwa kufungua nati, andika kwa kalamu kila plagi ilikotoka, na vibandiko vyake uvipige picha kabla ya kuigusa.